Siku Waliponikwangua Fuvu

Kama kichwa kinakuuma kwa sababu mtu alikupiga, na maumivu hayataki kwenda ingawa jeraha la nje lilifunga zamani, nimeandika haya kwa ajili yako. Mimi si daktari. Ni mchungaji wa kanisa dogo huku juu, upande wa Nyamira, mahali ambapo asubuhi ukisimama mlangoni unaona moshi wa mji wa Keroka. Sitakueleza kwa nini kichwa hufanya kinavyofanya. Nitakueleza yaliyonipata, ili yakikupata usidhani ni wewe peke yako uliyegeuka mnyama.

Ilikuwa wakati wa vita vile vikubwa vya pili vya dunia, vijana wetu wengi wamechukuliwa jeshini. Nyumbani tulikuwa na vita vyetu. Kaka yangu Ogeto na jirani yetu Makori waligombania mpaka, kipande chembamba ambacho ng'ombe akilala kinaisha. Makori aling'oa miche ya ua ambayo Ogeto alipanda. Ogeto akaenda akafyeka migomba ya Makori, na mikungu bado michanga. Wote wawili walikuwa waumini wangu. Makori alikuwa mpakiaji wa malori pale Keroka, mtu mwenye mabega mapana, na kanisani aliimba sauti ya chini ambayo bila yeye wimbo ulipwaya.

Nilisikia kelele nikiwa napalilia wimbi na mke wangu Kwamboka. Nilipofika mpakani, mkono wa Ogeto ulikuwa umeshavunjika, unaning'inia, naye bado anarusha mateke. Makori alikuwa na mpini wa jembe. Nilijitia katikati nimetandaza mikono kama nilivyozoea kufanya wakati wa kubariki watu. Makori alimlenga Ogeto kichwani, Ogeto akainama. Nikasikia sauti kama ya mtu anayepasua kibuyu, nikashangaa kibuyu kimetoka wapi.

Nilipozinduka nilikuwa kitandani kwangu, na damu imekauka sikioni. Barazani kwa chifu nilisema kwamba Makori hakunikusudia mimi, na ndiyo kweli. Wakamwachilia. Watu wakanisifu kwa kusamehe. Ukweli ni kwamba wakati huo sikuwa nimesamehe chochote, kwa sababu sikujua bado nimefanywa nini.

Tulipovuna wimbi jeraha lilikuwa limefunga. Ndipo maumivu yalipoanza. Yalianzia juu ya sikio la kushoto, mahali palipobonyea, yakaja na mwanga wa jua. Nilihubiri nimefumba macho, waumini wakidhani nimezama katika Roho. Baadaye nilianza kutapika kila asubuhi. Kisha mkono wa kulia ukawa mzito, nikishika kikombe kinaniponyoka. Siku moja nilianguka shambani, nikapiga miguu ardhini na kuuma ulimi, na mwanangu Marko aliyekuwa akichunga mbuzi alikimbia akilia kwamba baba anakufa.

Tulikwenda hospitali ya serikali mjini Kisii. Tulitembea hadi Keumbu, tukapata nafasi juu ya lori la mahindi, na kila shimo la barabara nililihisi ndani ya fuvu kama mtu anagonga msumari. Hospitalini tulikaa kwenye benchi barazani, jua likitupiga usoni. Kando yangu alikuwa mama mmoja wa kutoka ziwani, amempakata mtoto mwenye surua. Hakujua Kigusii, nami sijui lugha yake, tulikuwa na Kiswahili kidogo tu kati yetu. Aliona ninavyojikinga macho kwa viganja. Akafungua leso yake, akanifunika kichwa chote.

"Wewe tulia," akasema. "Mimi iko, nitasema jina lako wakiita."

Nililia chini ya leso ile. Tangu nipigwe sikuwa nimelia.

Daktari alinibonyeza mahali penye shimo kwa kidole gumba, nikapiga kelele na kumsukuma ukutani. Hakukasirika. Karani wake alitufasiria: mfupa umeingia ndani na unakandamiza, inabidi ufunguliwe, lakini kazi hiyo hufanywa Nairobi, na wakati huu wa vita nafasi ni za wanajeshi. Nisubiri. Akanipa vidonge. Vikiisha tulirudi, tukapewa vingine, tukaambiwa tusubiri tena. Ndivyo nilivyohesabu msimu ule wa kiangazi, kutoka vidonge hadi vidonge.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka, na ndipo hasa unapopahitaji.

Hasira ilikuja. Sisemi hasira ya mtu aliyeudhiwa. Hii ilipanda kutoka shingoni kama maji yanayochemka, na ikishafika machoni sikuwa mimi tena. Nilimpiga mbuzi wa mtu kwa jiwe nikamwua, kwa sababu alilia. Nilimshika ukosi mzee wa kanisa katikati ya maombi nikamtupa nje ya mlango, kwa kuwa alikuwa akikohoa. Nilivunja vyungu vya Kwamboka kimoja baada ya kingine huku yeye amesimama amemkumbatia Marko. Kila nilipotulia nilipiga magoti, na maombi yenyewe yalikuwa ya mauaji. Nilimwomba Mungu amwangushie Makori gunia kutoka juu ya lori, limvunje mgongo. Nilimweleza Mungu hata upande gani wa mgongo. Kisha nilivaa koti nikaenda kuwafundisha watoto wa ubatizo.

Kwamboka alificha panga na shoka. Sikujua alikozificha, wala sikuuliza.

Siku moja alasiri alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga za chinsaga. Nakumbuka harufu ya majani yale. Kitu kinachofuata katika kumbukumbu yangu ni shingo yake mikononi mwangu. Mkono wa kulia ulikuwa dhaifu, Mungu ashukuriwe kwa udhaifu ule, kwa maana wa kushoto ulikuwa unafanya kazi yake yote. Macho yake yalikuwa yametoka. Alikuwa akisema kwa sauti ndogo, bila kupigana:

"Ni mimi, Baba Marko. Ni mimi. Ni mimi."

Nilimwachilia. Alikaa chini akavuta pumzi kwa muda mrefu, kisha akaokota majani yaliyomwagika akaendelea kuyachambua. Hakunitazama.

"Kesho naenda kwa omobari," akasema.

Omobari ni fundi wa kwetu anayefungua vichwa. Baba humfundisha mwana, na kabla hospitali haijajengwa wao ndio waliowafungua watu waliopigwa vitani na kwenye ugomvi. Huchana ngozi, hukwangua mfupa mpaka ufa utoweke, hufunga. Wengine walipona, wengine walizikwa. Kanisa letu lilikataza, kwa sababu ya damu ya mbuzi na maneno yanayosemwa kwa mababu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewatenga watu wawili watatu kwa ajili hiyo.

Wazee wa kanisa walipata habari wakaja. Mkubwa wao, Mzee Obaga, hakukaa kwenye kiti tulichompa.

"Mchungaji, ukienda kule, usirudi kwenye mimbari," akasema. "Waumini watafuata unachofanya, si unachosema. Tunakuombea. Subiri Nairobi."

Hakuwa mtu mbaya, na alikuwa akinirudishia maneno yangu mwenyewe. Kabla sijajibu, Kwamboka alifungua kitambaa alichojifunga shingoni. Alama za vidole vyangu zilikuwa zimegeuka nyeusi.

"Mzee, Nairobi ikichelewa, mtamzika nani?" akauliza.

Mzee Obaga alitazama chini. "Mimi nimesema niliyotumwa kusema," akajibu, wakaondoka. Hawakusali kabla ya kutoka, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea nyumbani mwangu.

Omobari alikuja mvua za kwanza zilipokuwa zinakaribia. Alikuwa mtu mnene, amevaa koti la jeshi lenye vifungo vya shaba, na alinipapasa kichwa kama mnunuzi anavyopapasa ndama. Aliuliza nilipigwa na nini, nilianguka upande gani, natapika saa ngapi. Nilimwambia sitaki mbuzi achinjwe kwa mababu.

"Mimi kazi yangu ni mfupa," akasema. "Hayo mengine ni ya wenye boma. Nataka watu wanne wenye nguvu. Ukitikisika, kisu kitaingia pasipo pake, nami sitakuwa na la kufanya."

Kupata hao wanne ndiko kulikokuwa shida. Mkono wa Ogeto haukuunga vizuri, hangeweza kushika hata mbuzi. Waumini waliogopa kutengwa. Ndugu zetu wasioenda kanisani walisema, aliwakataza wengine, acha Mungu wake amshike. Kwamboka alizunguka boma hadi boma. Siku iliyopangwa asubuhi walikuwepo watatu: binamu wawili, na mzee mmoja shemeji yangu. Wa nne aliingia uani amevua kofia. Alikuwa Makori.

Nilimtafutia jiwe. Nakuambia kweli, macho yangu yalikwenda ardhini kutafuta jiwe.

"Mtoeni," nikasema.

"Nimemwita mimi," Kwamboka akasema.

"Mtoe. Afadhali nife."

Alinikaribia hadi nikasikia pumzi yake. Tangu siku ile ya mboga hakuwa amenikaribia hivyo. "Umetuhubiria habari ya adui miaka yote, nami nimeisikiliza," akasema polepole. "Leo sitaki mahubiri. Nataka mtu mwenye nguvu. Huyu ndiye aliyepo."

 Makori alikuwa akikunja mikono ya shati.

Nilitaka kuomba kwanza. "Omba kwa kifupi," omobari akasema, "jua linapanda." Niliomba, nikashindwa kumaliza, shemeji yangu akasema amina.

Waliniketisha nyuma ya nyumba, kwenye jani la mgomba. Binamu walinikalia miguu, shemeji akashika mikono. Makori alikaa nyuma yangu, akanibana kifua kwa magoti na kichwa kwa mikono yake miwili. Mikono ile ilinuka magunia.

Kisu cha kwanza hakikuuma nilivyotarajia. Kilikuwa cha moto, kisha damu ikanifunga macho. Alipoibandua ngozi ndipo nilipoanza kunguruma. Baadaye akachukua chombo kilichopinda, akaanza kukwangua. Maumivu ya mfupa si makali kama ya ngozi, lakini sauti yake hutaisahau. Haiji kwa masikio. Iko ndani, inakwaruza kila wazo ulilo nalo, kama mtu anayesugua sufuria nawe umo ndani ya sufuria. Walimimina maji, akakwangua tena. Niliwatukana wote. Nilimtukana omobari na mama yake, nilimtukana Kwamboka, nilimtukana Mungu kwa maneno niliyosikia utotoni kwa wachunga ng'ombe na sikujua bado ninayo. Makori nilimwahidi kwamba nikiinuka nitaichoma nyumba yake na watoto wakiwemo.

Mkono wake ulipoteleza kwa damu ukanipita mdomoni, niliuuma. Niliuuma kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, nikahisi ngozi inaachana na nyama, nikaonja chumvi yake. Nilitaka apige yowe. Nilitaka aniachilie, hata kisu kiingie, kusudi iwe yeye aliyeniua.

"Uma," akaniambia sikioni. "Uma tu, Mchungaji. Sikuachi."

Na hakuniacha. Nilikuwa nimemng'ang'ania hivyo omobari aliposema, "Huu hapa," akatoa kipande cha mfupa chenye ncha, akakiweka kwenye jani. Kitu fulani kikashuka. Sijui kukieleza zaidi ya hapo. Ni kama mtu aliyekusimamia kichwani ameshuka. Mwanga wa jua ulikuwa pale pale usoni, na haukuniuma.

Nikaachia meno. Nyuma yangu Makori alikuwa akilia bila sauti, nikimhisi kwa jinsi kifua chake kilivyotikisika mgongoni mwangu, huku mikono yake ikiwa haitikisiki.

Usidhani hadithi inaishia hapo kwa nyimbo. Omobari aliniwekea samli na dawa zake, akaenda. Mvua zikaanza, na jeraha likaingia usaha. Nikawaka homa. Makori na binamu walinibeba kwa machela hadi Keumbu katika matope, wakipokezana, mkono wa Makori umefungwa kitambaa. Hospitalini, daktari yule yule alilitazama tundu kichwani mwangu kwa muda. Aliuliza nani kaifanya kazi hii. Kwamboka akajiandaa kugombezwa. Daktari alisema tu, kupitia karani, kwamba mfupa umetolewa vizuri na jeraha ni chafu. Akaamuru lisafishwe kila siku, likanyunyiziwa unga mweupe wa dawa uliokuwa adimu siku zile. Nilikaa wodini hadi mahindi yakafika magotini. Nilipona kwa mikono ya watu wawili ambao hawakuonana kamwe, na sioni aibu kuwaombea wote wawili kwa pumzi moja.

Nilikuwa nimefundisha miaka mingi kwamba imani ni jambo la moyoni. Siku ile moyo wangu ulikuwa na mauaji tupu, hakukuwa na kingine humo, nimeuchungulia. Kama ningepimwa kwa moyo ningepotea. Yaliyoniokoa yalikuwa yakifanyika nje yangu: mwanamke anazunguka kwenye maboma akifukuzwa, mtu anakunja mikono ya shati, mama wa ziwani anavua leso. Tangu hapo mtu mgonjwa akiniambia hawezi kuomba, simlazimishi. Namwambia aache wengine wafanye, yeye apumue.

Kuna mengine hayakutengemaa. Ogeto na Makori hawasemezani hadi leo, na ule mpaka uliamuliwa na baraza kwa namna ambayo hakuna aliyeridhika. Mkono wangu wa kulia haukurudi wote. Mvua kubwa ikikaribia, kichwa hujua kabla ya mawingu. Na mimbarini sikurudi mara moja. Nilikaa benchi la nyuma na wanaosinzia. Wazee hawakuwahi kusema walikosea, wala mimi sikusema nilikosea. Ikapita misimu. Siku moja ya ibada mwalimu aliyekuwa akihubiri alikuwa amepotewa na sauti kwa mafua, na watu wamejaa. Mzee Obaga aligeuka akanitazama kule nyuma, akanitikisia kichwa kidogo. Nilikwenda mbele. Hapakuwa na neno lingine juu ya jambo hilo.

Makori nilimsamehe kanisani, mbele ya watu, na ilikuwa rahisi, maana nyama yake ilikwisha kuwa mdomoni mwangu, naye hakuniacha. Lililokuwa gumu lilikuwa nyumbani kwangu. Hasira ilikwenda na kile kipande cha mfupa, haikurudi, lakini Kwamboka hangeweza kujua hilo. Alinipikia, aliniosha jeraha, alicheka na Marko mbele yangu. Ila alilala jikoni na mtoto, mlango umeegemezwa jiwe la kusagia. Nikiinuka ghafla kuchukua kitu, aliacha alichokuwa akifanya na kutazama mikono yangu. Sikumlaumu. Nilijua maandiko mengi ya kumwambia mtu asamehe, na hata moja sikuthubutu kulifungua mbele yake. Kama wewe pia umemdhuru aliyekuuguza, nisikilize: usimwombe aharakishe. Fanya kazi zako polepole, mikono yako ionekane.

Ndivyo nilivyofanya, msimu baada ya msimu. Kisha tukawa tunapalilia wimbi, na mvua ya mawe ikatukuta shambani. Tulikimbilia kibanda cha kufukuzia ndege, ambacho kinamtosha mtu mmoja na nusu. Tulikaa tumebanana, mawe yakipiga majani juu yetu, hatuwezi kusikizana. Tulikuwa tumelima tangu alfajiri. Nilihisi bega lake likilegea, halafu kichwa chake kikaniangukia hapa, chini ya shingo. Alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi kidogo, koo lake wazi karibu na mkono wangu.

Mvua iliisha. Jua likatoka, shamba likaanza kutoa mvuke, na majirani wakaanza kurudi kwenye majembe yao. Makori alipita njiani akatuona, akapunguza mwendo, akaenda zake bila kuita. Mimi sikutikisika.